Somo: Kumwandika askari wa Keya kwenye kaburi la nyumbani

Mdogo wake babu alikwenda Keya, jeshi la Waingereza la King's African Rifles (KAR), wakati wa Vita Kuu ya Pili, akavushwa bahari hadi Burma (wazee wetu husema Bama), hakurudi. Tulipojengea kaburi la mama yao tukamwandika na yeye. Tulifanya hivi.

1. Anza na wazee, simu baadaye. Chukua majina yote: la ubatizo, la nyumbani, la baba. Karani wa jeshi aliandika alichosikia, R na L zikabadilishana viti. Wetu tulimtambua kwa jina la baba yake. La kwake lilivyoandikwa, angeitwa asingeitika.

2. Ingia tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ni bure. Andika herufi chache tu za mwanzo, kisha uchague vita na kikosi, King's African Rifles. Waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana majina yao yako kwenye kumbukumbu ya Rangoon Memorial, makaburini Taukkyan. Aliyezama na meli Khedive Ismail, 12 Februari 1944, mtafute East Africa Memorial, Ngong Road, Nairobi.

3. Kaeni kikao cha ukoo. Shangazi alitukatalia: "Hajalazwa hapo, mnamwandikia nini?" Alikuwa na haki. Tukakubaliana jiwe lenyewe liseme.

4. Jina likae chini ya la mama:

PIA MWANAWE (jina)
ASKARI WA KEYA
ALIFARIKI BURMA 1944
HAKUZIKWA HAPA

Cheo na nishani za kusimuliwa barazani ziacheni barazani.

5. Maneno ya fundi yachapishe. Mimi niliandika kwa mkono, 4 yangu ikaachama kidogo, akaisoma 9. Marumaru ikaja na 1994, yaani babu kafia vitani akiwa mzee wa miaka sabini. Bamba la pili nililipa mwenyewe.

MASWALI

Tarehe ya kifo hatuna, tukadirie?
Hapana. Mwaka unatosha. Mkikosa hata mwaka, andikeni "Vita Kuu ya Pili".

Wetu alikuwa mpagazi vita ya kwanza. Nimetafuta mpaka macho yanauma.
Pole. Wapagazi wengi hawakuandikwa majina popote. Tume yenyewe ilikiri na kuomba radhi mwaka 2021. Jina lao kubwa limebaki sokoni, Kariakoo, kutoka Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Kwa hiyo jiwe lenu huenda likawa mahali pekee alipoandikwa. Andikeni mnachokijua: jina, kijiji, "alichukuliwa upagazi, hakurudi".

Sisi Waislamu, na shehe wetu hataki maandishi kaburini.
Basi msiandike. Majirani zangu walimsomea askari wao khitma, jina wakaliweka kwenye daftari la ukoo pamoja na namba yake ya jeshi.

Fundi anasema aandike kwa msumari kwenye saruji mbichi, bei nafuu.
Inawezekana, ila achimbe ndani na asubiri saruji ishike kidogo. Ikiwa laini mno herufi zinajifunga. Na asianze mawingu yakiwa yametanda.