Padre wa India Anapowatembelea Marafiki Ulaya: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari

Padre anayetoka Kerala, Goa au Tamil Nadu kwenda kuwatembelea marafiki zake Ulaya husafiri akiwa na hadhi mbili kwa wakati mmoja. Mbele ya afisa wa mpakani yeye ni raia wa India mwenye pasipoti na viza. Kwenye mlango wa sakristia, chumba cha kujiandalia Misa, yeye ni mhudumu wa altare anayetakiwa kuthibitisha kwamba ni padre kweli na kwamba askofu wake anajua aliko. Rafiki aliyemwalika, hata awe mkarimu kiasi gani, hawezi kumvusha mlango wowote kati ya hiyo miwili ikiwa karatasi hazipo. Ndiyo maana nasema maandalizi yaanzie kwa askofu, na tiketi ya ndege iwe jambo la mwisho kulipiwa.

Sheria ya Kanisa haimfungi padre asisafiri, lakini inamtaka awe na ruhusa. Kanuni ya 283 inasema mapadre wasiondoke jimboni kwa muda mrefu bila idhini ya askofu, walau ile inayoweza kudhaniwa ipo, na kanuni ya 533 inampa paroko likizo isiyozidi mwezi mmoja kwa mwaka, bila kuhesabu siku za mafungo, tena inamtaka amwarifu askofu kila anapokuwa nje ya parokia kwa zaidi ya wiki moja. Paroko anayepanga kuzunguka Ujerumani, Ufaransa na Italia kwa wiki sita atambue mapema kwamba amevuka kiasi hicho, na aliseme jambo hilo wazi anapoomba ruhusa. Barua ya askofu ina kazi ya pili ambayo wengi huisahau. Ubalozi humwomba kila mwombaji viza aonyeshe ajira, mshahara na kinachomrudisha nyumbani, na padre hana hati ya mshahara ya kuvutia wala nyumba aliyoandikishwa kwa jina lake. Mtawa aliyeweka nadhiri ya ufukara hana hata akaunti yake binafsi. Barua ya askofu au ya mkuu wa shirika, inayotaja wadhifa wake, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurejea kazini na nani anayelipa gharama, ndiyo inayoziba pengo hilo. Barua ya mistari miwili inayosema tu kwamba padre huyu ni mtu mwema haitoshi.

Pamoja na barua hiyo aombe selebreti, yaani hati ya utambulisho inayothibitisha kwamba mwenye nayo ni padre asiye na katazo lolote la kuadhimisha Misa. Kanuni ya 903 inasema padre asiyejulikana na msimamizi wa kanisa apokewe kuadhimisha akileta hati hiyo, iliyotolewa walau ndani ya mwaka huo, au ikiwa inaweza kuamuliwa kwa busara kwamba hana kizuizi. Miaka ya nyuma tabasamu na kola ya kipadre vilitosha katika makanisa mengi. Sasa havitoshi, na ni haki visitoshe, kwa kuwa watoto na watu wanyonge waliumizwa na watu waliohama kutoka mahali hadi mahali bila mtu kuwauliza swali. Mwaka 2023 maaskofu wa Ufaransa walianza kuwapa mapadre wao kadi inayosomwa kwa simu na kuonyesha kama mwenye nayo anaruhusiwa kutoa huduma. Uingereza na Ireland mgeni huombwa barua ya askofu wake inayothibitisha kwamba hakabiliwi na shauri wala tuhuma yoyote, na barua hiyo hutakiwa ifike kabla yake. Padre asilichukulie ombi hilo kama dharau kwa ngozi yake au kwa nchi yake, kwa sababu mapadre wenyeji nao huulizwa.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye suala la majina, kwa kuwa ndilo linaloangusha watu wengi. Kusini mwa India jina la mtu linaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la ukoo au la nyumba, jina la baba, na herufi za mwanzo zinazosimama mbele. Wengine pasipoti zao zina nafasi ya jina la ukoo iliyoachwa wazi kabisa. Mtawa huongeza jina alilolipokea siku ya nadhiri, na waamini wanamjua kwa hilo pekee. Nakumbuka padre mmoja wa Kerala aliyesimama sakristia asubuhi, kanzu nyeupe imepigwa pasi, selebreti yake imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha masifu. Mtunza sakristia, mama mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, aliiweka karatasi ile kando ya pasipoti, akashuka kwa kidole chake neno moja baada ya jingine, na hakuna neno lililofanana isipokuwa moja la katikati. Hakumfukuza, alimwomba tu, kwa upole, asali Misa hiyo akiwa kwenye benchi. Padre yule alilia baadaye, na kosa halikuwa la yule mama. Basi selebreti, barua ya ruhusa, bima, tiketi na mwaliko, vyote viandikwe jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na jina la kitawa liongezwe kando kama jina la pili analojulikana nalo. Neno “Padre” lisiingizwe kwenye nafasi ya jina wakati wa kukata tiketi.

Kuhusu viza, nchi 29 za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, hutumia viza moja ya muda mfupi inayoruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza haimo, wala Ireland, na marafiki wa huko wanahitaji maombi yao ya pekee. Hata hivyo Wahindi wana bahati ya mpango wa pamoja wa Uingereza na Ireland unaowezesha viza ya nchi moja, ikiwa imewekewa alama ya mpango huo, kutumika pia katika nchi nyingine. Maombi ya Schengen hupelekwa kwa nchi atakakokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi atakayoingilia. Yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla yake, lakini asiyategemee majuma hayo mawili ya mwisho, kwa kuwa uchunguzi unaweza kufika siku 45 na miadi ya kutoa alama za vidole huadimika msimu wa kiangazi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi, ikigusa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, pamoja na kurudishwa mwili mauti yakitokea. Padre Mhindi anayeishi Tanzania au Kenya kwa kibali cha ukaazi, kama wengi waliomo parokiani kwetu, huomba viza huku anakoishi. Hana haja ya kurudi India kwanza.

Tangu Aprili 2024 Wahindi waishio India wamewekewa utaratibu wa heri: aliyepata na kutumia viza mbili kihalali ndani ya miaka 3 anaweza kupewa ya miaka 2 ya kuingia mara nyingi, na baada ya hiyo kwa kawaida ya miaka 5, ikiwa pasipoti yake ina uhai wa kutosha. Kwa hiyo safari ya kwanza ichungwe kama mboni ya jicho. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili kuingia na kutoka kwa kompyuta badala ya mhuri, na siku moja iliyozidi itaonekana.

Mwenyeji naye ana kazi yake, na si kila nchi inaridhika na barua iliyoandikwa kwa mkono. Ufaransa mwenyeji huenda ofisi ya meya kuomba hati ya kumpokea mgeni. Ujerumani anayetaka kubeba gharama za mgeni hutia saini tamko rasmi katika ofisi ya wageni, na tamko hilo linambana kisheria kulipa hata hospitali. Ni vema padre amwulize rafiki yake kwa uwazi kama yuko tayari kwa mzigo huo, hasa rafiki mjane au mstaafu, na asikubali uandikwe kwa sababu tu rafiki anaona haya kukataa.

Baada ya hapo linakuja swali la huduma, kwa kuwa hakuna rafiki Mkatoliki atakayempokea padre asimwombe Misa nyumbani, ubatizo wa mjukuu au baraka ya ndoa. Kusikiliza maungamo ni jambo jepesi kwa padre wa Kilatini, yaani wa Kanisa la Magharibi, mwenye ruhusa ya kudumu kutoka jimboni kwake: kanuni ya 967 inamruhusu kuitumia popote, isipokuwa askofu wa mahali amemkatalia. Ndoa ni jambo zito. Padre mgeni asiyekasimiwa mamlaka na paroko au askofu wa mahali hawezi kupokea maagano ya arusi, na akifanya hivyo ndoa ya wale vijana inakuwa batili, pamoja na maua na nyimbo zote. Ubatizo pia unahitaji ruhusa ya wenyeji. Haya yajibiwe kwa barua miezi kadhaa kabla, kwa sababu ofisi nyingi za parokia za Ulaya zina mwandishi mmoja anayekuja siku mbili au tatu kwa wiki. Akialikwa kushika nafasi ya paroko aliye likizoni kwa malipo, atambue kwamba viza ya matembezi haimpi ruhusa ya kufanya kazi, na aliache jambo hilo mpaka jimbo limwelekeze kwa maandishi.

Padre wa Kanisa la Siro-Malabari au Siro-Malankara ana swali la ziada ambalo mwenzake wa Kilatini hana. Hao ni Wakatoliki kamili wenye liturujia yao ya mashariki, na sheria inawataka waadhimishe kwa madhehebu yao wenyewe, yaani utaratibu wao wa ibada, isipokuwa wamepewa ruhusa ya kuadhimisha pia kwa madhehebu ya Kilatini. Hati ya ruhusa hiyo iambatane na selebreti. Uzuri ni kwamba Ulaya hatakosa watu wake: wauguzi kutoka Kerala walianza kwenda Ujerumani Magharibi miaka ya 1960, wajukuu wao wapo, na Uingereza Wasiro-Malabari wana jimbo lao lenye kiti huko Preston tangu mwaka 2016. Atenge walau Jumapili moja kwa ajili yao. Wanafurahi kusikia Kimalayalam, lugha ya kwao Kerala, altareni kuliko zawadi yoyote atakayowabebea.

Kuhusu zawadi zenyewe, samli ya nyumbani na achari ya nyama hazivuki mpaka wa Umoja wa Ulaya, kwani wasafiri wanaotoka nje hawaruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa. Embe na majani mabichi ya kutilia mchuzi yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Nazi na ndizi hazihitaji, na chipsi za ndizi za Kerala zinapita. Dawa za sukari na presha zibaki kwenye mfuko wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Kanzu nyeupe nyepesi inafaa Kochi, Kerala. Bavaria, kusini mwa Ujerumani, mwezi Novemba inahitaji koti.

Ratiba ya marafiki iheshimiwe. Kerala padre huingia nyumba yoyote bila kubisha hodi mara mbili na chai inawekwa jikoni. Ulaya hata mgeni anayependwa sana nyumbani hupangiwa siku na saa, na kuahirisha siku hiyohiyo huumiza. Agosti wengi wanakuwa likizoni, na tarehe 15, ambayo kwa Mkatoliki wa India ni sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni na pia siku ya Uhuru, huko Italia maduka na ofisi nyingi hufungwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; siku tatu au nne kwa kila nyumba zinatosha, na jembe lenyewe liwe kuosha vyombo na kumsindikiza bibi kizee hospitalini.

La mwisho ni bahasha, nalo nalitilia mkazo kuliko yote kwa kuwa linahusu maskini. Marafiki watataka kuchangia shule, kisima au kituo cha yatima, na watamwekea padre fedha taslimu mfukoni wakati wa kuagana. Sheria ya India ya michango ya kigeni ya mwaka 2010, iliyokazwa mwaka 2020, inataka mchango wa namna hiyo upokelewe na asasi iliyosajiliwa au iliyopewa kibali, kupitia akaunti maalumu ya State Bank of India, tawi kuu la New Delhi, na asasi hiyo hairuhusiwi kuupokea kisha kuupitisha kwa asasi nyingine. Padre apate kwa mhasibu wa jimbo, kabla ya safari, jina kamili la asasi, namba ya usajili na namba ya akaunti, avichape kwenye karatasi chache na azibebe. Rafiki anapoingiza mkono mfukoni kutoa bahasha, ampe karatasi hiyo. Nia za Misa, yaani maombi ya watu ya kuadhimishiwa Misa, azipokee akiziandika papo hapo kwenye daftari, jina la marehemu, kiasi kilichotolewa na tarehe, ili kila moja iadhimishwe, hata akirudi nyumbani na kukuta kazi zimelundikana mlangoni.