Kupaka dendrima kwenye chipu ya DNA katika hewa ya Malindi

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi wa hapa Malindi anayetengeneza chipu ya kutambua selimundu, yaani kioo chenye madoa ya DNA yanayonasa DNA ya mgonjwa. Miongozo mingi aliyokuwa nayo inachukulia kwamba hewa ya maabara ni kavu. Hapa Pwani hewa si kavu, na jambo hilo peke yake linabadilisha kazi.

Ukiiweka DNA ya kunasia (nyuzi fupi zinazonasa DNA unayoitafuta) moja kwa moja juu ya kioo, nyuzi hulalia kioo na kubanana, na DNA unayoitafuta hukosa pa kupenya. Dendrima huziinua. Ni polima inayogawanyika kama mkoma: shina linatoa matawi mawili, kila tawi mawili tena. Dendrima ya PAMAM, ambayo Donald Tomalia na wenzake waliitangaza mwaka 1985, huanza na ncha 4 katika kizazi cha 0 (kizazi ni duru moja ya matawi), kisha 8, 16, 32, na kizazi cha 4 kina ncha 64 ndani ya upana wa nanomita 4.5 hivi. Kila ncha ni amini, kikundi chenye nitrojeni, mahali pa kufungia DNA. Nunua kizazi cha 4. Vizazi vikubwa ni ghali na ncha zake hubanana zenyewe kwa zenyewe.

Hatua ya 1: Safisha kioo

Sabuni, maji, kisha hidroksidi ya sodiamu ya asilimia 10 kwa saa moja, halafu maji mengi yaliyosafishwa. Tone la maji likitandaa bila kujikunja, kioo ni safi. Mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na peroksaidi situmii na simshauri mtu autumie. Hatari yake ni kubwa na hidroksidi ya sodiamu inatosha.

Hatua ya 2: Silani

Hapa ndipo siku za watu zinapopotelea. APTES, silani yenye amini inayounganisha kioo na tabaka za juu, hujifunga kwenye kioo kwa msaada wa maji kidogo sana, yale ambayo tayari yameshika uso wa kioo. Maji yakizidi, molekuli zake huungana zenyewe ndani ya chombo na kutua juu ya kioo kama utando mzito. Ubaya wake ni kwamba utando huo hauonyeshi dalili mapema. Utaendelea na hatua zote, utaweka DNA, na siku ya kuosha kwa maji moto ndipo utakapong'oka na kila kitu kilicho juu yake.

Kwa hiyo, kausha kioo kwenye oveni kwa nyuzi joto 110 za Selsiasi na ukiache kipoe ndani ya desiketa (chombo kilichofungwa cha kukaushia), si mezani. Tolueni, kiyeyusho cha APTES, ikae juu ya vichujio-molekuli vya 3A (punje zinazonyonya maji) usiku kucha. Vichujio hivyo navyo vichomwe kwanza kwa nyuzi 300 kwa saa kadhaa. Oveni ya kukaushia vyombo haifiki huko, na vichujio visivyochomwa ni mchanga tu. APTES iliyotoka kwenye friji usiifungue mpaka chupa ifikie joto la chumba, la sivyo mvuke wa hewa utapoa na kuwa maji ndani ya mdomo wake. Nunua chupa ndogondogo. Chupa kubwa inayofunguliwa kila wiki wakati wa masika haifai, hata kama tarehe yake haijapita.

Weka kipima unyevu mezani. Wengi hupenda kuanza alfajiri kwa sababu kuna ubaridi, lakini huo ndio wakati unyevu uko juu; mimi nafanya mchana. Fanyia kazi ndani ya boksi lililofungwa lenye jeli ya silika, na uikaushe upya ikibadilika rangi. APTES iwe asilimia 2 ndani ya tolueni, kwa saa moja, usizidishe. Suuza kwa tolueni mara mbili, kwa ethanoli mara moja, kisha nyuzi 110 kwa saa moja. Kiinue kioo kwenye mwanga: ukiona ukungu wa maziwa, kitupe. Usijaribu kukisugua.

Hatua ya 3: Dendrima

PDITC (kiunganishi kinachoshika amini kwa ncha zake mbili) ya asilimia 0.2 ndani ya kiyeyusho cha DMF chenye piridini asilimia 10, saa mbili, chini ya kabati la kufyonza mvuke. Suuza. PAMAM ndani ya methanoli, usiku kucha. Suuza. PDITC tena. Glutaraldehidi, kiunganishi kingine, ni rahisi kuipata, ila hujiunga yenyewe na matokeo hubadilika kila mara.

Hatua ya 4: Weka DNA

Sasa unyevu ni rafiki, kwa sababu tone likikauka haraka DNA hukusanyika ukingoni. DNA iwe na amini kwenye mwisho wa 5', katika bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya fosfeti ya pH 8.5. Usitumie bafa ya Tris hapa, kwa kuwa ina amini yake na itashindana na DNA. Acha chipu usiku kucha ndani ya chombo chenye maji yaliyokolea chumvi. Chumvi safi hushikilia unyevu karibu asilimia 75. Chumvi ghafi ya mashamba ya Gongoni ina magnesi na itashusha kiwango hicho, kwa hiyo tumia ya mezani isiyo na viongezo.

Hatua ya 5: Ziba ncha zilizobaki

Usiiruke. Ethanolamini ya milimola 50, pH 9, nyuzi 50, dakika 20, hufunga ncha zenye PDITC. Amini za dendrima zilizobaki zina chaji chanya na huvuta DNA yoyote inayopita. Zizibe kwa anhidridi ya suksiniki, uichanganye dakika ya mwisho kabisa maana nayo huharibiwa na maji.

Hatua ya 6: Pima

Selimundu ni herufi moja tu, GAG imekuwa GTG. Tumia nyuzi fupi za herufi 15 hadi 20 na uiweke herufi hiyo katikati, ambako kutolingana hulegeza zaidi. Kila chipu iwe na madoa ya DNA ya kawaida, ya selimundu, isiyohusiana, na ya bafa tupu. DNA inayopimwa hubeba rangi ya kung'aa; doa la bafa tupu liking'aa, rudi hatua ya 5. Madoa yote yakififia pamoja baada ya kuosha kwa moto, silani imeng'oka. Rudi hatua ya 2, na uanze na vichujio.