Kufunga kamera zinazojipigia Uwanja wa Ushirika, Moshi: taimulapsi, panorama na nyuma ya goli

Mechi ya saa 10 jioni pale Ushirika inakutaka uwe sehemu tatu kwa pamoja: juu jukwaani upate uwanja wote na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa nyuma, nyuma ya goli, na pembeni mwa mstari ukiwa na lenzi ndefu. Mwili ni mmoja. Sehemu mbili waachie kamera. Ila kamera uliyoiacha peke yake itarudia kosa lako mpaka kadi ijae, kwa hiyo karibu kazi yote inafanyika kabla ya filimbi.

1. Fika mapema, omba ruhusa

Saa 8 mchana uwe umeshafika. Ongea na msimamizi wa uwanja, na kwa kamera ya nyuma ya goli muone pia kamisaa wa mchezo. Usiishie kwa wakubwa. Mlinzi wa jukwaa ndiye atakayeshinda na kamera yako. Mimi humwamkia, "Shikamoo mzee, naomba kufunga kamera hapa mpaka mechi iishe," kisha namwonyesha ilipo na waya unaoishikilia.

Mlima uko kaskazini mwa mji, kwa hiyo ukiuelekea, jua la jioni litakupiga ubavu wa kushoto. Ivalishe lenzi kofia yake ya kukinga jua. Saa 8 huenda Kibo imejifunika kabisa. Mchana ndiyo tabia yake. Iachie nafasi kwenye picha hata kama huioni, maana jioni mara nyingi hufunguka.

2. Funga kamera

Hapa usiwe na haraka. Watu wakishangilia, reli ya jukwaa hutetemeka na taimulapsi yote, yaani video inayoundwa kwa picha zilizopigwa kwa vipindi, itacheza. Tafuta bomba lililozama kwenye zege, lishike kwa mkono, mwambie mwenzako aruke karibu nalo. Likitulia, funga klampu, yaani kibanio cha kamera, hapo.

Solotepu usiitegemee, jua huilegeza gundi. Nenda kwa fundi baiskeli, omba tyubu iliyochoka, ikate vipande vyenye upana wa vidole viwili. Zungusha juu ya klampu ukiwa unavuta kwa nguvu, kila mzunguko ukikalia nusu ya uliotangulia. Mpira unang'ang'ania chuma na kumeza mtetemo. Kwa fundi huyohuyo chukua waya wa breki: upitishe kwenye kishikio cha mkanda wa kamera, uzungushe bomba, ubane ncha zake kwa skrubu. Waya huu ni wa siku klampu itakapofunguka. Chini pale wamekaa watoto, na kamera na lenzi yake ina uzito wa kumuumiza mtu vibaya. Bila waya sifungi chochote juu ya vichwa vya watu.

Malizia kwa pima maji ndogo, ileile ya mafundi ujenzi.

3. Taimulapsi

Kipindi kimoja ni sekunde 2,700. Ukipiga kila baada ya sekunde 5 unapata picha 540, na kwa mwendo wa picha 25 kwa sekunde hiyo ni video ya sekunde 21 na kidogo. Inatosha. Jukwaa linavyojaa kabla ya mechi halihitaji picha nyingi hivyo, picha moja kila baada ya sekunde 10 ni sawa.

Weka kila kitu kwa mkono: shata (muda wa kuingiza mwanga), apacha (tundu la lenzi), ISO (wepesi wa kuhisi mwanga), rangi ya mwanga na fokasi. Ukiiachia kamera ijiamulie, kila jezi nyeupe ikipita itapunguza mwanga na video itamemeteka. Kwa jua la saa 10 mimi huanzia f/8, ISO 100, shata 1/250, halafu naangalia histogramu, yaani grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera. Mapumziko ndiyo nafasi ya kupanda kubadilisha betri na kuongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili. Kwenye video mkato huo utaangukia palepale mchezo uliposimama.

4. Panorama

Hii ni picha moja pana inayounganishwa kutoka picha kadhaa. Simamisha kamera wima. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa ya milimita 36 kwa 24), ikiwa wima, inaona karibu nyuzi 53 kwa upana. Ukigeuza nyuzi 30 kila mara, picha 6 zinafunika zaidi ya nusu duara, na zinapishana vya kutosha kuunganishwa na programu kama Hugin, ambayo ni ya bure.

Nyoosha kidole, fumba jicho moja kisha jingine: kidole kinahama. Reli ya mbele yako itahama hivyohivyo kamera ikizungukia sehemu isiyo yake, na kwenye maungio utaona reli iliyovunjika. Isogeze kamera nyuma kwenye kichwa cha stendi, uzungushe, uangalie reli dhidi ya nguzo ya kona, mpaka zisiachane. Piga picha wakati mpira umesimama, ukianza na fremu yenye wachezaji wengi.

5. Nyuma ya goli

Iweke chini, mita moja na nusu kutoka kwenye wavu, maana shuti kali linausukuma wavu nyuma. Shata 1/1000, triga ya redio (kifyatulio kisicho na waya) ikiwa mbali na chuma. Fokasi kwa mkono kwenye mstari wa goli, kisha izuie ringi kwa kipande cha tyubu. Siku moja niliiacha fokasi ya otomatiki. Nilirudi na nyuzi za wavu zilizokaa vizuri mno, fundo kwa fundo, na nyuma yake mfungaji ni ukungu wa rangi ya jezi. Goli lilikuwa moja tu siku ile.

6. Filimbi ya mwisho

Kamera ya goli itoe mara moja, watu wataingia uwanjani. Ya jukwaani iache iendelee, ila sasa panda ukae karibu nayo, uongeze mwanga kidogo kidogo. Jukwaa litakuwa linamwagika watu, na kama mlima umefunguka, theluji ya Kibo itaanza kushika wekundu muda mfupi kabla ya saa 12 na nusu.