Matairi ya theluji kwa gari la michezo

Usisubiri theluji ianguke. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu na kupoteza mshiko, hata barabara ikiwa kavu.

Mimi huanza na ubavu wa tairi. Natafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake: maana yake tairi limepimwa kwenye theluji. Herufi M+S (kifupi cha Kiingereza cha “matope na theluji”) peke yake hazinitoshi, kwa sababu mtengenezaji anaweza kuziweka bila kipimo hicho.

Halafu ukubwa, na hapa ndipo wenye magari ya michezo hubisha. Tairi pana linapendeza, lakini juu ya theluji laini huelea badala ya kuikata hadi chini. Chukua rimu ndogo kwa inchi moja na tairi jembamba lenye ubavu mrefu, mradi kipenyo cha jumla kisibadilike na rimu isiguse breki. Kitabu cha gari kitakuonyesha saizi zinazoruhusiwa. Soma pia kikomo cha mwendo cha tairi; mara nyingi kiko chini kuliko cha yale ya kiangazi.

Funga yote manne, tafadhali. Ukifunga ya nyuma tu, usukani hautatii. Ukifunga ya mbele tu, mkia utakutoka kwenye kona. Meno yakibaki chini ya milimita 4, nunua mengine. Na upepo upime asubuhi, tairi likiwa baridi.