Tende hazifuati Januari: kuchora misimu ya chakula kwa Google Trends

Ramadhani ya 2025 iliingia mwanzo wa Machi, katoni zangu za tende bado ziko njiani. Kosa langu mwenyewe. Nilichora grafu ya jinsi watu wanavyotafuta tende kwenye Google, nikapiga wastani wa miaka mitano, nikaona kilima kipana kimekaa Aprili, nikaagiza kwa kukifuata hicho. Sasa kazi ile ile naifanya hivi, hapa hapa dukani, Marikiti ya Mombasa.

Fungua Google Trends, tovuti ya Google inayoonyesha watu wanatafuta nini na lini, chagua Kenya na miaka 5 iliyopita. Data inaanzia 2004, lakini ukichukua yote unapewa namba za mwezi mzima mzima, na mwezi ni mwingi kwa muuza chakula. Miaka 5 inakupa wiki kwa wiki. Andika "tende". Ukiandika "dates" utachanganyiwa na vijana wanaotafuta wachumba, na "mango" ni kampuni ya nguo pia. Neno likileta sifuri nyingi, chagua mada badala ya neno, maana mada hukusanya lugha zote.

Ile 100 si watu mia. Ni wiki ambayo tende zilichukua fungu kubwa kuliko wiki nyingine zote katika utafutaji wa Kenya. 50 ni nusu ya hapo.

Pakua faili la CSV, lifungue kwenye Google Sheets. Tarehe ziko safu A, alama safu B; kama juu kuna mistari ya ziada ifute, tarehe ya kwanza ikae A2. C weka =YEAR(A2), D weka =WEEKNUM(A2), buruta mpaka chini. Kisha panga jedwali: wiki zishuke, kila mwaka uwe na safu yake. Chagua chati ya duara, si ile ya vipande vya keki bali ya utando wa buibui (radar chart). Moritz Stefaner, mchoraji wa data, na Google News Lab walichora misimu ya vyakula kwa duara mwaka 2016, na ukijaribu embe utaona kwa nini. Msimu wa ngowe na boribo huku pwani unavuka mwaka mpya. Kwenye mstari kilima kinakatwa vipande viwili. Kwenye duara Disemba inaishika Januari.

Tende ndizo zilizonivunja. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, basi kila mwaka kilima kinarudi nyuma kwenye duara. Ukipiga wastani unapata kilima bapa ambacho hakijatokea mwaka wowote.

Dawa yake: safu F andika tarehe ya Idi ya mwaka huo. 2024 ilikuwa 10 Aprili. 2021 ilikuwa katikati ya Mei. Safu E weka =INT((A2-F2)/7). Namba hasi ni wiki kabla ya Idi: funga inaanza karibu na -5, na -6 watu wanavunja jungu. Chora kuanzia -10 hadi 3, mstari wa kawaida tu, duara halina kazi hapa. Miaka yote inalaliana, na wastani sasa una maana.

Ila kutafuta si kununua. Anayetafuta namna ya kupika kaimati anazitaka jioni hiyo hiyo. Tende mtu hununua mapema. Kwa hiyo pembeni naweka safu moja zaidi, katoni nilizouza kila wiki, kutoka daftari la duka. Mwaka 2025, wiki ya -6 na ya -5 zimeandikwa sifuri.