Nakala Mama: Kusoma Vitabu vya Kielektroniki Bila Bando na Kuvigawa Kwenye Vifaa Vyote

Walimu wengi ninaokaa nao hapa Tanga wana vifaa viwili au vitatu kila mmoja: simu, kishikwambi kilichotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha kikagawiwa walimu, na kompyuta mpakato ya nyumbani ambayo aghalabu watoto wameiteka. Vitabu vyao vimetapakaa humo ovyo. Kimoja kimo kwenye simu, kingine kilitumwa WhatsApp kikasahaulika, cha tatu kimepakuliwa mara nne. Kila anayeniuliza namshauri jambo lile lile: aweke nakala mama, yaani mkusanyo mmoja uliokaa mahali pamoja, kisha vifaa vyake vyote vichote kutoka hapo.

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba kitabu kimo ndani ya kifaa

Somo hili nililipata ndani ya basi la Lushoto. Nilikuwa nimenunua kitabu usiku uliotangulia, jalada lake likaonekana kwenye programu, nami nikalala nikijua safari ina cha kusoma. Tulipoiacha Mombo na kuanza kupanda kona za kuelekea Soni, nikaligusa lile jalada, nikajibiwa na duara linalozunguka tu: programu ilikuwa ikitafuta mtandao, na mtandao tulikuwa tumeuacha bondeni. Jalada lilikuwa picha. Kitabu chenyewe kilikuwa bado kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali ya muuzaji. Tangu siku hiyo, kabla sijatoka nyumbani huiweka simu katika hali ya ndegeni, nikakifungua kitabu na kuruka hadi sura ya mwisho. Ikifunguka, kitabu kimeshuka.

Hatua ya pili: chagua muundo wa faili

Ukipewa hiari kati ya EPUB na PDF, kwa riwaya na maandishi ya kawaida chukua EPUB. PDF iliundwa ili ukurasa ubaki vile vile ulivyopangwa, kwa hiyo kwenye kioo cha simu utalazimika kuukuza na kuusukuma kushoto na kulia kila mstari, hadi uchoke kabla ya sura ya pili. EPUB, ambayo kwa ndani ni furushi la kurasa kama za tovuti zilizobanwa katika faili moja, huyapanga maneno upya kulingana na upana wa kioo na ukubwa wa herufi unaoutaka. Tena ni nyepesi: kitabu cha maneno matupu mara nyingi hakifiki megabaiti 1, ilhali PDF ya kurasa zilizopigwa picha huweza kuzidi 50. Vitabu vya kiada vyenye michoro na majedwali viache katika PDF, uvisomee kwenye kishikwambi.

Hatua ya tatu: jenga nakala mama

Mimi natumia Calibre, programu ya bure iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, ambayo hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ukishaisimika, itakuuliza folda ya kuhifadhia vitabu; ichague, kisha viburute vitabu vyako vyote ndani ya dirisha lake. Rekebisha jina la kitabu na la mwandishi humo humo ndani ya programu. Usiende kubadili majina ya faili kwa mkono ndani ya folda, kwa sababu Calibre huandika kumbukumbu zake katika faili iitwayo metadata.db, na ukizihamisha faili kinyemela itakwambia kitabu hakipo.

Kuhusu vya kuweka humo, tovuti ya African Storybook ina hadithi za watoto za Kiswahili zinazoruhusiwa kupakuliwa na kugawiwa, na maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000, vingi vikiwa vya Kiingereza. Kitabu ulichokinunua kikiwa na kufuli ya kidijitali ya kuzuia kunakiliwa hufunguka kwa akaunti yako kwenye vifaa vyako, na kiishie hapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyekiandika, na kazi ya kuvunja kufuli sitaifundisha.

Hatua ya nne: gawa kwa hotspoti

Njia hii ndiyo tunayoitumia Jumamosi alasiri, barazani kwetu Ngamiani. Washa hotspoti ya simu moja ya Android, uipe nywila, kisha uzime data ya simu hiyo. Unganisha kompyuta na vifaa vya wasomaji kwenye hotspoti hiyo hiyo. Katika Calibre bonyeza kitufe cha kuunganisha na kushiriki, uanzishe seva ya maktaba, ili kompyuta yako igawe vitabu kwa vifaa vingine. Windows ikiomba idhini, ikubalie kwa mitandao binafsi. Chini ya kitufe hicho hicho utaona anwani ya tarakimu, kwa mfano 192.168.43.120, ikifuatwa na nukta pacha na 8080. Kila msomaji aiandike nzima kwenye kivinjari chake, akitanguliza http://, na majalada yote yatajitokeza mbele yake. Atagusa analolitaka na kupakua.

Faili hutoka kwenye kompyuta na kufika kwenye simu kupitia hotspoti pekee, haziendi mnarani wala kurudi, ndiyo maana bando haliguswi. Tatizo linalotusumbua zaidi ni simu inayolalamika kwamba waifai hii haina intaneti, kisha ikarudi kwenye data yake yenyewe kimyakimya, na mwenye simu akabaki akitazama ukurasa mweupe. Mwambie akubali kubaki kwenye mtandao huo, na azime data yake. Dawa hiyo imenitosha karibu kila mara.

Kwa kitabu kimoja kwa mtu mmoja, seva ni makuu. Kati ya simu za Android, tuma kwa bluetooth au Quick Share. Kwenye Android kifungulie ndani ya ReadEra, programu ya kusomea isiyodai akaunti. iPhone ina yake tayari, Books.

Hatua ya tano: beba ulipofikia

Wengi hushangaa hapa. Alama ya ulipofikia haikai ndani ya EPUB, hukaa katika kumbukumbu za programu unayosomea, kwa hiyo kukinakili kitabu hakuihamishi. Google Play Books hupokea faili zako na kulinganisha ulipofikia kila kifaa kinapopata mtandao. Bila mtandao, namba ya ukurasa haitakufaa, maana hubadilika kila ukubwa wa herufi unapobadilika. Kariri maneno matatu yaliyofuatana ya mstari uliokomea, uyatafute kwenye kifaa cha pili kwa kitufe cha kutafuta; ni nadra maneno hayo kukupeleka pengine.

Mwisho wa kila mwezi nakili folda nzima ya Calibre, pamoja na ile metadata.db, kwenye flashi. Kompyuta ikifa, simika Calibre kwenye nyingine, nakili folda humo na uielekeze programu hapo, na mkusanyo utarudi kama ulivyokuwa. Flashi isikae mkoba mmoja na kompyuta. Yangu iko kwa shemeji, Raskazone, ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko kwa sababu ya chumvi ya bahari.