SOMO: Kufunga shoti shifta kwenye Hilux ya manyuo, na kipimo ambacho wengi wanakiruka

Mbukwenyi wakuu. Kila wiki anakuja mtu na swali lilelile: "Nimefunga kijiti kifupi cha gia, sasa rivasi haiingii." Nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili.

Shoti shifta ni kijiti cha gia kinachofupisha safari ya mkono. Somo linahusu Hilux za zamani na Toyota nyingine ambazo kijiti kinashuka moja kwa moja juu ya giaboksi na kofia yake inafunguka kwa kukandamiza na kuzungusha. Otomatiki haihusiki. Gari ambayo gia zake zinavutwa kwa waya nayo haihusiki.

KABLA YA KUTOA HELA

Zima injini, weka gia ya tatu, shika kirungu (kichwa cha kijiti) kwa vidole viwili utikise. Kijiti kikicheza kama mchi ndani ya kinu, tatizo lako ni bushi. Shoti shifta haiponyi ulegevu. Itakupa ulegevu uleule kwenye mwendo mfupi, na utaanza kukosea gia ya tatu ukaweka ya tano. Kuna plastiki mbili za kukagua: kikalio, ambacho gololi ya kijiti (lile duara la chuma kwenye kijiti, ndilo egemeo lake) inakaa juu yake, na bushi ndogo inayovaa ncha ya chini kabisa. Hizo mbili ni spea za bei ndogo. Hilux nyingi zinazobeba zabibu kutoka Hombolo na Mpunguzi huku Dodoma zikibadilishwa hizo tu, mwenye gari anasahau habari za shoti shifta. Na mimi namshauri asahau.

Kama bado unaitaka, andaa hivi:

- Kijiti kipya pamoja na kipandisho chake, yaani kile kipande kinachoinua gololi. Ukiuziwa kijiti chenye mguu mrefu wa chini bila kipandisho, usinunue.
- Kikalio kipya na bushi mpya ya ncha. Usirudishie za zamani.
- Grisi ya lithiamu, kiasi cha kijiko cha chai.
- Bisibisi ya nyota, spana namba 10 na 12, brashi ya kupakia rangi, matambara safi, mafuta ya taa kidogo.
- Kalipa ya kupimia. Ikikosekana, rula ya chuma yenye milimita.

HATUA

1. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, weka gia frii. Kijiti kikishatoka huna gia ya kulishikilia gari.

2. Fungua kirungu kinyume cha saa, toa ngozi ya juu.

3. Fungua skrubu za bamba linaloshikilia mpira mkubwa kwenye sakafu, uvue mpira. Gari ya 4x4 ina kijiti cha pili cha transfa, usikiguse.

4. Safisha. Hapa kwetu vumbi la Kongwa na Kondoa linajipanga pale juu kama unga kwenye ungo, na chini yake limeshikana na oili kuwa tope gumu. Anza na brashi kavu, fuata na tambara lenye mafuta ya taa, malizia na upepo wa kompresa kama upo. Fanya hivyo kofia ikiwa bado imefungwa. Ukishafungua, kila punje inayodondoka inaenda kwenye meno ya gia na kwenye bearingi.

5. Vua mpira mdogo wa vumbi, uupandishe kwenye kijiti. Zungushia tambara kwenye kofia, ikandamize kwa viganja viwili mpaka springi ilegee, kisha izungushe kinyume cha saa. Vuta kijiti juu wima. Papo hapo ziba tundu kwa tambara safi.

6. Angalia ncha ya kijiti cha zamani. Kama bushi haipo au imebaki nusu, vipande viko ndani. Chukua tochi na koleo ya mdomo mrefu, vitoe vyote. Usifunge kitu kipya juu ya plastiki iliyobaki humo.

7. Hapa ndipo panapoharibika, na ni hatua iliyowahi kunishinda mimi mwenyewe, kwa hiyo soma polepole. Laza kijiti cha zamani na kipya sambamba. Pima kutoka katikati ya gololi mpaka katikati ya ncha ya chini, kwenye vyote viwili. Tuseme cha zamani ni milimita 80 na kipya ni 100. Tofauti ni 20, basi kipandisho lazima kiinue gololi kwa milimita 20 kamili, ukihesabu na gasketi zake. Kikiinua 15 tu, ncha inashuka milimita 5 zaidi ya inavyotakiwa. Itakalia chuma chini na kubeba uzito wote wa kijiti badala ya gololi kukaa kwenye kikalio. Ukifunga kofia kwa nguvu, springi inaikandamiza ncha kwenye shafti ya kuchagulia gia: ya kwanza inakuwa nzito, rivasi inakataa, na ukilazimisha unaanza kula uma za gia, vile vyuma vinavyosukuma gia ndani ya giaboksi. Kikiinua 25, ncha inaning'inia juu na kushika ukingo tu wa tundu lake. Itafanya kazi mjini. Siku ukivuta gia kwa haraka kwenye mlima, ncha inachomoka na gari linabaki kwenye gia uliyokuwa nayo.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Pima. Kisha jaribu bila springi na bila kofia: weka kipandisho, kikalio na kijiti, kisha ingiza kipande cha karatasi kati ya gololi na kikalio. Karatasi ikipita bila kukwama, gololi inaelea, maana yake ncha imegota chini. Simama hapo hapo. Usichonge ncha kwa tupa ili "itoshe". Ncha ikishapoteza uduara wake, bushi haidumu. Kinachorekebishwa ni kimo cha kipandisho, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma.

8. Karatasi ikibanwa, toa vyote, paka grisi nyembamba kwenye gololi, kwenye kikalio na ndani ya bushi. Usijaze. Grisi ikizidi inaita vumbi.

9. Rudisha: ncha ndani ya tundu lake, gololi kwenye kikalio, springi, kofia. Kandamiza, zungusha kwa saa mpaka ijifunge.

10. Injini ikiwa imezimwa, pitia gia zote mara kumi. Kwenye ya tano na kwenye rivasi, hakikisha kijiti hakigusi ukingo wa tundu la sakafu. Injini ikiwaka inatikisika kwenye mauntini zake (mipira inayoishikilia), kwa hiyo acha nafasi ya kidole kimoja.

11. Rudisha mipira yote miwili. Msiache mpira mdogo nje kwa sababu "hauonekani".

12. Washa, kanyaga klachi mpaka mwisho, jaribu gia zote gari likiwa limesimama, kisha zunguka taratibu mtaani kabla ya kuingia barabara kuu.

MASWALI

kizota_garage: Mkuu, hii inafaa kwenye IST yangu ya otomatiki?

Mwandishi: Hapana. Imeandikwa juu kabisa.

dereva_wa_bahi: Nimefunga wikiendi iliyopita, sikuwa na kalipa kwa hiyo sikupima. Ya kwanza ngumu, rivasi haiingii kabisa. Tatizo litakuwa klachi?

Mwandishi: Klachi ilikuwa na tatizo kabla hujafunga?

dereva_wa_bahi: Hapana, ilikuwa safi.

Mwandishi: Basi rudi hatua ya 7. Fungua leo, usiendelee kuliendesha. Rula ya chuma inauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi.

dereva_wa_bahi: Mbona unajibu kwa ukali mkuu, si kila mtu ni fundi.

Mwandishi: Sina ugomvi na wewe. Uma ya gia ikiliwa, giaboksi inashushwa chini yote. Ndiyo maana nasisitiza. Pima, leta namba zako hapa, nikusaidie kuhesabu kipandisho.

mama_zabibu: Naomba kuelewa jambo moja. Kwa nini kijiti kikiwa kifupi gia inakuwa nzito? Mimi ningedhani kifupi ni chepesi.

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Kijiti ni wenzo na gololi ndiyo egemeo. Chukua namba za mfano: juu ya gololi milimita 320, chini 80. Hiyo ni nne kwa moja. Ncha ikihitaji kusogea milimita 15, mkono wako unasafiri 60. Sasa inua gololi milimita 20 huku kirungu kikibaki palepale: juu zinabaki 300, chini zinakuwa 100. Ni tatu kwa moja, mkono unasafiri 45. Umepunguza robo ya safari. Lakini nguvu ya mkono nayo ilikuwa inazidishwa mara nne, sasa inazidishwa mara tatu. Palipotosha kilo 3, sasa panataka kilo 4. Ulichookoa kwenye safari unakilipa kwenye nguvu.

mama_zabibu: Kwa hiyo giaboksi inaumia?

Mwandishi: Yenyewe haiumii, inaumizwa na mkono wenye haraka. Ringi za sinkronaiza zinahitaji muda kidogo kulinganisha mwendo wa gia kabla meno hayajakutana. Mwendo mfupi unakushawishi kusukuma kabla ringi haijamaliza kazi yake. Sukuma mpaka uhisi kizuizi, kitulie, kisha malizia. Asubuhi za Juni na Julai oili ikiwa nzito, kizuizi hicho kinakaa zaidi, hasa kwenye ya pili. Usikilazimishe.

fundi_chamwino: Nakubaliana. Nyongeza: mtu anayetaka kupunguza kidogo tu anaweza kukata juu na kuchonga nyuzi upya, chini hapaguswi kabisa.

Mwandishi: Kweli, na ni salama zaidi. Kwa mfano wa hapo juu, ukikata milimita 40 juu inabaki 280 kwa 80, mkono unasafiri kama 52. Nyuzi za virungu vya Toyota nyingi ni M12 kwa 1.25 (kipenyo milimita 12, hatua ya uzi milimita 1.25), ila mpelekee mchongaji kirungu chenyewe ajaribishie. Kijiti kikatwe kikiwa kimetolewa kwenye gari. Ukikata kikiwa ndani, chenga za chuma zinashuka kwenye mpira.

nkuhungu_boy: Corolla RunX ya manyuo je? Ina waya mbili.

Mwandishi: Kanuni ni ileile, mahali ni tofauti. Waya mmoja unachagua mstari wa gia, mwingine unasukuma gia mbele na nyuma. Unaoushughulikia ni huo wa pili. Ama unarefusha mkono wa chini wa kijiti pale waya unapofungwa, ama unafupisha mkono ulioko juu ya giaboksi. Kabla ya yote kagua bushi za ncha za waya. Zikipasuka, gia inakuwa kama kijiko kwenye uji. Ukibadilisha urefu wa mkono, rekebisha waya upya ili kijiti kikae katikati ukiwa frii.

nkuhungu_boy: Asante sana mkuu, umeniokoa na hela.

mpwapwa_4x4: Mimi mchanga uliingia wakati nafungua. Nimwage mafuta ya taa ndani nisuuze?

Mwandishi: Usimwage mafuta ya taa. Pasha giaboksi kwa mwendo mfupi wa taratibu, mwaga oili yote ikiwa ya moto, futa chuma cha sumaku kwenye nati ya chini, jaza oili mpya ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Baada ya kama kilomita 200 mwaga tena, angalia rangi. Unapoanza, fungua nati ya kujazia KWANZA, kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma, bado una oili ndani.

mpwapwa_4x4: Sawa. Na mpira mdogo wa vumbi umechanika, dukani hakuna.

fundi_chamwino: Kata tyubu ya pikipiki, kipande cha kama sentimita 12, vuta juu ya shingo ya giaboksi, funga chini na juu kwa vibano vya plastiki. Usikaze sana juu, kijiti kinahitaji kupumua kwenye ya tano.

Mwandishi: Inafaa kwa muda. Ikague kila ukibadilisha oili ya injini, kwa sababu tyubu ikilowa oili inavimba na kulegea. Agiza wa kwake.

kizota_garage: Na kirungu kizito kinasaidia?

Mwandishi: Kwenye giaboksi nzima, ndiyo, uzito unausaidia mkono kupita kwenye kizuizi. Kwenye giaboksi iliyochoka ambayo tayari inatema gia, usiweke. Kwenye makorongo kirungu kinayumba na kuivuta gia itoke. Ya kwako ni IST ya otomatiki au kuna gari nyingine?

kizota_garage: Kuna Hilux ya mzee, LN106.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Fanya jaribio la kutikisa kwenye gia ya tatu, urudi na jibu.